Naomba ushauri: unamwanzaje Mfini usiyemjua ukitaka kumuuliza swali kwa Kifini?

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu habari za huko mliko, wakubwa shikamooni.

Niko Tampere huku Ufini, nasoma Kifini kwenye kozi ya wahamiaji. Mwalimu katupa kazi: kila mmoja aende mjini, asimamishe watu asiowajua, awaulize maswali matatu kwa Kifini na kuandika majibu. Maswali yenyewe mepesi tu, unakaa mtaa gani, unapenda nini hapa mjini, mambo hayo. Kinachonishinda ni kuanza. Mimi nimekulia Tanga. Mtu mzima humwendei na swali mkononi. Kwanza shikamoo, halafu za asubuhi, za nyumbani, ndipo shida yako inapata nafasi. Hapa nikisema "Moi, mitä kuuluu?", yaani habari yako, mtu ananitazama kama nimemuuliza majibu ya vipimo vyake vya hospitali, kisha anaongeza mwendo.

Halafu kuna wazee. Mtu wa umri wa bibi yangu nimwite "sinä", wewe, hivi hivi? Au ndiyo nitumie "rouva" na "herra", yaani bibi na bwana, kama ilivyo kwenye kitabu? Nisaidieni, kazi ni ya wiki ijayo.

Pweza Mkavu

Kwani tabu ya nini mkuu, uliza kwa Kiingereza. Wafini wengi wanakijua.

MamaTausi

Pweza, soma swali kwanza. Kazi ni ya Kifini.

Mdogo wangu, sikiliza. Kinachowakimbiza watu si sura yako wala lafudhi yako. Nenda pale Hämeenkatu, barabara kuu ya mjini, siku ya jua utazame wale vijana wenye fulana na vishikwambi wanaochangisha pesa za mashirika. Wanaitwa *feissari*. Wanasimama katikati ya njia, wanatabasamu, wanasema "Moi! Onko sulla hetki aikaa?", yaani una dakika moja? Kila Mfini amefundishwa na maisha kuwakwepa hao. Sasa wewe ukija na tabasamu na salamu ndefu bila kusema shida yako, tayari ameshakuweka kwenye kundi lao.

Kwa hiyo geuza mpangilio uliolelewa nao. Shida itangulie. Neno la kufungulia ni "Anteeksi", halafu moja kwa moja: "Anteeksi, opiskelen suomea ja minulla on koulutehtävä." Hapo ameshajua huuzi kitu, wewe ni mwanafunzi mwenye kazi ya shule. Ndipo uombe: "Saisinko kysyä kolme kysymystä?" Idadi iseme wazi. Mfini akijua ni maswali matatu, anajua yataisha lini, na hilo ndilo linalomtuliza.

Adabu yenyewe imefichwa ndani ya kitenzi. Ile -isi- unayoisikia kwenye *saisinko*, *voisitko*, *osaisitko*, ndiyo inayofanya kazi ya "samahani, tafadhali, kama hutajali" zote kwa pamoja. "Voitko auttaa", unaweza kunisaidia, si tusi, lakini "Voisitko auttaa" ni laini zaidi. Hakuna haja ya kurundika maneno mengine ya unyenyekevu juu yake.

Na usimguse mkono! Sisi tunamshika mtu bega tukimwita. Huku simama mbali kidogo, pembeni yake badala ya kumzibia njia, sauti ya kawaida. Mwenye vitu masikioni mwache apite.

Bin Kitumbo

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo la umri niachieni mimi. "Rouva" na "herra" weka kabatini. Utasikika kama mhudumu wa hoteli kwenye filamu ya zamani. Na tafadhali usije ukatafsiri "mama" au "shangazi" ukamwita mtu *täti*. Mama wa miaka hamsini ukimwita *täti* barabarani umemzeesha bure.

Kwa kizazi cha bibi yako tumia *te*, ile "nyinyi" ya heshima. Kitenzi ndicho kinachobadilika: "tiedätkö" (unajua?) inakuwa "tiedättekö", "voisitko" inakuwa "voisitteko". Wazee wetu pale wanaipenda. Kwa watu wengine wote *sinä* inatosha. Tangu miaka ya 1960 na 1970 Wafini wenyewe waliipunguza sana hii *te*, kwa hiyo kijana ukimwambia *te* anaweza hata kucheka.

Njeri wa Oulu

Sikubaliani sana na hiyo ya *te*. Mimi niliitumia kwa mzee mmoja kwenye kituo cha basi, akaniambia "ei tarvitse teititellä", hakuna haja. Alisema kwa upole lakini. Ukishindwa kukadiria umri, si lazima umtaje mtu kabisa: "Missä on lähin apteekki?", duka la dawa la karibu liko wapi, au "Miten pääsee asemalle?", kituoni kunafikwaje. Hakuna wewe wala nyinyi ndani yake, na Wafini wenyewe huuliza hivyo.

Bin Kitumbo

Dada Njeri hapo umenishinda. Hiyo ndiyo njia salama.

Ndugu wa Bukavu

Jambo kaka. Wote mumesema namna ya kuuliza, hakuna aliyemwambia aende wapi. Kituo cha reli saa mbili asubuhi usijaribu, kila mtu anawahi. Nenda Kauppahalli, lile soko la ndani palepale Hämeenkatu, la tangu 1901. Wazee wanakunywa kahawa pale bila haraka. Uliza kwanza "Saako tähän istua?", naweza kukaa hapa, ndipo ukae. (Mustamakkara utakayoiona pale ni soseji ya damu ya nguruwe, mwenye masharti ajihadhari.)

Wenye mbwa nao wanaongea kuliko Wafini wote. Swali ni "Saako koiraa silittää?", naweza kumpapasa mbwa? Kama hupendi mbwa, basi uliza jina lake tu. Utapewa jina, umri na historia ya magonjwa.

Ukiwa jasiri nenda sauna ya umma. Rajaportti pale mtaa wa Pispala iko tangu 1906, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mtu ambaye hakukuitikia kwenye basi, juu ya lile benchi la moto atakueleza mambo ya familia yake. Ila kabla hujamwaga maji kwenye mawe uliza: "Saako heittää löylyä?"

MamaTausi

Daftari ataliweka wapi huko sauna, ndugu yangu? 😂

Nimesahau jambo. Akishajibu atanyamaza. Usikimbilie kujaza ule ukimya, mara nyingi bado anafikiri na sentensi nzuri inakuja nyuma yake. Akivuta pumzi ndani huku akisema "joo", hajashtuka, anakubali tu. Akihamia Kiingereza, sema "Voimmeko puhua suomea?" Akienda mbio, "Voisitko puhua vähän hitaammin?"

Mtoto wa Chumbageni

Mbarikiwe sana. Nimeandika hivi, nikosoeni: "Anteeksi, opiskelen suomea ja minulla on koulutehtävä. Saisinko kysyä kolme kysymyksiä?" Na akikataa niseme nini?

Njeri wa Oulu

*Kolme kysymystä*. Baada ya namba nomino inabaki umoja, mwalimu ataliona hilo kabla ya jingine lolote. Akikataa atasema "Sori, on kiire", samahani nina haraka, au "Ei kiitos", hapana asante. Jibu "Selvä, kiitos kuitenkin", sawa, asante hata hivyo, uende kwa mwingine. Akikubali na mkimaliza, "Kiitos, hyvää päivänjatkoa", asante na siku njema, basi, geuka uondoke. Zile kwaheri za mlangoni za nusu saa waachie wa Chumbageni.

Mtoto wa Chumbageni

Nimelirekebisha. Jumamosi naanza na Kauppahalli.