Mtu anadiliti wapiga mishale wangu eti "wanakula hela"!!! Huyu jamaa wa Chikongola asipewe tena kompyuta ya mtu

Wakuu habari za jioni, mimi sina nzuri. Naandika mikono inatetemeka, ming'oko ipo kwenye sahani inapoa maana najua nikimeza nitapaliwa kwa hasira.

Kuna jamaa mnamjua. Simtaji. Wa Mtwara mjini wote mnamjua, yule profesa wa magemu anayeshinda barazani pale kwa mchaji simu, mdomo unaanza asubuhi mpaka adhana ya isha, ukicheza drafti anakufundisha, ukicheza bao anakufundisha, ukipiga mswaki mbele yake atakufundisha. Huyo huyo.

Sasa leo nipo zangu na Civilization VI, lile gemu la kompyuta la kujenga taifa zamu kwa zamu, nimechukua Kongo, mfalme Mvemba a Nzinga, levo ya Emperor sio ya watoto, miji mitatu, mambo yamekaa vizuri. Simu ikaita, mzigo wangu umefika stendi na kondakta hasubiri mtu. Nikamwambia nishikie hapa, wewe bonyeza zamu tu ziende, usiguse jeshi. Nikarudia. USIGUSE JESHI. Akasema "we nenda bwana, mimi hili gemu nimelianza kabla yako".

Narudi, wapiga mishale wangu watatu hawapo. Nikajua wamefia vitani, sawa, vita ni vita. Namuuliza ndugu yangu jeshi liko wapi? Wakuu naomba mkae chini. Akanijibu "nimewadiliti, walikuwa wanakula hela bure".

WALIKUWA WANAKULA HELA!!

Mpiga mishale anakula dhahabu 1 kwa zamu. Moja. Watatu ni dhahabu 3, na mimi kwenye hazina nina mia mbili na ushee zimelala tu. Na lile gemu ukitaka kumdiliti mtu linakuuliza kabisa una uhakika? Jamaa akajibu ndiyo. Mara tatu. Ameulizwa mara tatu na kompyuta, akili haikurudi hata mara moja.

Na hawakuwa wapiga mishale wa kutembeatembea, walikuwa mpakani, na mpakani kuna nani? Gilgamesh, mfalme wa Sumeri, anachezwa na kompyuta. Yule mwenye mikokoteni ya vita anaanza nayo mwanzo kabisa bila kusoma teknolojia yoyote, nguvu 30, na kompyuta ikishaona jirani hana jeshi hiyo ni karamu. Mji wangu wa pili ukaondoka huku jamaa anaangalia. Anaangalia! Anakula karanga zangu!

Hayo tisa. Kumi, kaweka utafiti wa Astrology, ile teknolojia ya kufungulia Holy Site, eneo la dini. Na KONGO. Kongo hairuhusiwi kujenga Holy Site wala kuanzisha dini, imeandikwa palepale unapochagua taifa, herufi sio ndogo. Namuuliza Astrology ya nini, ananiambia "taifa bila dini haliendi". Setla, yule wa kwenda kuanzisha mji mpya, naye kamtoa peke yake usiku usiku bila hata mlinzi mmoja, wahuni wa porini wamembeba mchana kweupe. (Ndio najua kwenye gemu hakuna usiku, msinichoshe.) Kabla hajabebwa alikuwa anapelekwa kujenga mji sehemu kavu, hakuna mto hakuna bahari, mji wa hivyo unaanza na nafasi 2 za makazi wakati kwenye maji baridi ni 5, watu watazaliwa wapi sasa?

Setla nimesamehe. Wallahi nimesamehe. Lakini wapiga mishale? Umewafuta walinzi ili uokoe dhahabu 3?

Na lililoniua kabisa, nimeshasimama pale sina la kusema, baraza limejaa, mpaka dogo aliyekuja kuchaji tochi ya mama yake yupo, jamaa anageuka kwa watu anasema "badala anishukuru, nimemuokolea dhahabu 3 kila zamu, tatizo hajui uchumi". Watu wakacheka. Yule dogo wa tochi akacheka.

Hajui uchumi. Mimi.

Semeni wenyewe, mtu wa hivi anafanywaje?

---

feri_msangamkuu: Nimekaa siti ya mbele nasubiri yeye mwenyewe aje kujibu 😂😂 tumeshamjua kuanzia kwenye mswaki

bibi_wa_Ligula: mleta uzi pole lakini mia mbili zimelala tu halafu unamtukana mwenzio uchumi? Ungenunua bilda, mjenzi wa mashamba na migodi

mleta uzi: @bibi_wa_Ligula zilikuwa za kuwapandishia daraja hao wapiga mishale, usiingilie bajeti ya mtu

Mmwera Original: Zamu ya ngapi hiyo mkuu

mleta uzi: sitini na kitu

Mmwera Original: Zamu ya sitini hujasoma Masonry ukajenga ukuta, unakaa jirani na Gilgamesh, halafu kosa la jamaa. Sawa 🤝

mleta uzi: WALINZI NDIO WALIKUWA UKUTA. Amewadiliti! Mnasoma au mnapita tu?

kijana_wa_Mikindani: Yaani umepigwa na Gilgamesh 😭😭😭 yule si ndio mshkaji wa kila mtu, ukimtumia ujumbe wa urafiki mapema anakubali kabla hujamaliza sentensi. Mimi nimecheza naye mpaka karne ya roketi hajawahi kunigusa

mleta uzi: Nilikuwa rafiki yake!! Urafiki unadumu zamu 30 halafu unaisha, unatakiwa umuombe tena, sasa mtu anabonyeza zamu zamu zamu kama anatwanga kisamvu ataona saa ngapi

feri_msangamkuu: Rudi kwenye sevu ya nyuma basi yaishe

mleta uzi: Zile za kujisevu zenyewe mpya zinakula za zamani, na kwa alivyobonyeza zote zimebaki na uchafu wake. Wapiga mishale hawapo hata kwenye moja. Nimefungua zote.

Nachingwea_kwetu: "nimefungua zote" 😂😂😂 mkuu kula ming'oko yako

Mzee wa Skauti: Mimi huwa nacheka sana wanaoanza, skauti wa wahuni anakuja anauona mji wako, anawekwa alama nyekundu kichwani, mtu anamuangalia tu anarudi zake kambini. Zamu chache baadaye anashangaa kundi zima limetoka wapi. Huyo skauti akiona mji ni wa kufukuzwa mpaka afe, asifike kambini. Nimesema sana hili humu hakuna anayesikiliza

kijana_wa_Mikindani: @Mzee wa Skauti wewe kila uzi ni skauti, hata ule wa bei ya pweza ulileta skauti

Mzee wa Skauti: Na nilikuwa sahihi

tajiri_wa_kesho: Afadhali wewe umedilitiwa watatu. Mdogo wangu alidiliti gemu ZIMA apate nafasi ya kuweka muvi. Gemu nilikuwa nimelichukua bure 2020, Epic, wale wa duka la magemu mtandaoni, waligawa mwezi wa tano, nikalishusha kwa bando la usiku wiki nzima naamka saa nane kama muadhini. Alipolitoa akaniambia "si ulilipata bure"

bibi_wa_Ligula: @tajiri_wa_kesho hii ndio kesi ya kuletea uzi, sio dhahabu 3

mleta uzi: Sio dhahabu 3!! Ni MJI

Mmwera Original: Hivi na yule Gandhi wa kurusha nyuklia ni kweli? Mwenzangu mmoja hapa Lindi ananiambia gemu la kwanza lilikuwa na kosa, ukali wake ulikuwa 1, ukipunguzwa unapita chini ya sifuri, kompyuta inazunguka inausoma 255

Nachingwea_kwetu: Uzushi mtamu huo. Sid Meier mwenyewe, aliyelitengeneza gemu la kwanza, aliandika 2020 kwamba kosa hilo halikuwepo. Ila kwenye matoleo ya baadaye waliweka apende nyuklia makusudi, kwa utani

Mmwera Original: Nimebishana miaka yote hii bure

feri_msangamkuu: Bando la usiku mnalipataje nyie? Mimi likifika saa sita usiku mtandao ndio unaondoka kwenda kulala

tajiri_wa_kesho: panda juu ya bati

feri_msangamkuu: nyumba ya kupanga hii, mama mwenye nyumba akiniona juu ya bati nahama kesho

bibi_wa_Ligula: Mimi hata mtandao sijafika, umeme. Gesi ya kuzalishia umeme inatoka hapo Mnazi Bay, mimi nakaa nayo jirani, jana nimepiga pasi shati upande mmoja nikaenda nalo kazini hivyo hivyo nimevaa koti

kijana_wa_Mikindani: @bibi_wa_Ligula koti na joto hili la Mtwara 😂

bibi_wa_Ligula: Mpaka saa kumi. Sijalivua.

mleta uzi: Jamani tunaweza kurudi kwenye wapiga mishale

korosho_ghafi: Nyie mnalia gesi, sisi huku Tandahimba mzigo wa korosho upo ghalani, mnada umeshapita, kila nikiuliza hela naambiwa taarifa zangu zinashughulikiwa. Msimu ulioanza mwezi wa kumi huo

Nachingwea_kwetu: @korosho_ghafi namba ya akaunti uliandika vizuri? Sisi wa kwetu wengi ilikuwa herufi moja tu ya jina imekosewa

korosho_ghafi: Wameniandika jina la shemeji yangu

Mmwera Original: 😳 Shemeji yuko wapi sasa

korosho_ghafi: Masasi. Kanunua bodaboda.