Baduanjin kwa mwili mzito na magoti ya uzee: nipunguze wapi?

Mgeni wa Zoezi
Ndugu zangu, nina umri wa miaka 64 na uzito wa kilo 112, na kwa wiki tatu sasa najifunza chigongi (mazoezi ya Kichina ya mienendo ya taratibu na pumzi), ule mfululizo wa mienendo minane uitwao Baduanjin. Minne ya kwanza naimudu. Wa tano, unaotaka mtu ajishushe kama aliyepanda farasi huku akizungusha kiwiliwili, huniumiza goti la kulia hadi kesho yake, na wa sita, wa kuinama hadi miguuni, hunitia kizunguzungu ninapoinuka. Mwalimu wangu husisitiza nishuke zaidi. Je, nivumilie, au naweza kupunguza bila kuliharibu zoezi lenyewe?

Mzee wa Alfajiri
Uchovu wa misuli unavumilika. Maumivu ya goti hayavumiliwi. Kushuka chini sana si kiini cha mwendo huo. Kiini chake ni uzito kuhama taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine huku pumzi ikitiririka. Panua miguu kidogo kupita mabega, kwa kuwa mapaja mazito huhitaji nafasi, kisha kunja magoti kiasi cha mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Goti lielekee vinakoelekea vidole vya mguu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni nyayo kuganda sakafuni ilhali kiwiliwili kinageuka, kwa hiyo msokoto wote ukaishia gotini. Geuka kidogo, kwa nyonga, na ukihisi goti linavutwa, acha kisigino nacho kigeuke.

Kiti Ukutani
Naongeza kwamba Wachina wenyewe wana Baduanjin ya kukaa tangu kale, kwa hiyo anayetumia kiti hajadanganya. Kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta. Kaa nusu ya mbele, nyayo zote zikanyage sakafu, na magoti yaachane ili tumbo lipate nafasi ya kupumua. Hata hivyo, sikushauri ukae mwanzo hadi mwisho, maana miguu isiyobeba mwili huzidi kudhoofu. Mwendo wa nane, wa kuinua visigino, ufanye umesimama nyuma ya kiti ukishika mgongo wake, na badala ya kuviangusha visigino kwa kishindo, vishushe polepole.

Pumzi Fupi
Hicho kizunguzungu mweleze daktari wako, hasa ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu, kwa sababu baadhi yake hufanya shinikizo lishuke mtu anapoinuka ghafla. Kwa sasa telezesha viganja juu ya mapaja, uishie magotini, kichwa kisishuke chini ya moyo, na uinuke ukitoa pumzi. Usiibane pumzi kamwe, hata kama mwalimu anahesabu polepole kuliko mapafu yako. Mwenye mifupa iliyopungua uimara aache kabisa kuukunja mgongo mbele. Dakika kumi zinatosha kuanzia.

Mgeni wa Zoezi
Nashukuru sana. Leo nimefanya dakika nane, mwendo wa tano nikiwa karibu wima, na hadi jioni hii goti limenyamaza. La kiti nimelielewa kwa vitendo: mara ya kwanza sikukiegemeza ukutani, nacho kikateleza juu ya vigae nilipokuwa naketi. Miadi ya daktari ni Jumatatu. Hadi hapo mwendo wa sita nauruka.