Land Rover 109 inazima ikipata moto, ikipoa inawaka. Nisaidieni kabla sijaigeuza banda la kuku

Mwalimu_Chumbageni

Assalaam alaykum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya 2.25, kadi inasema 1978. Lilikuwa la marehemu baba mdogo, fundi mitambo kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Lililala chini ya mwembe miaka tisa. Kuku wametotoa kwenye kiti cha nyuma, sitanii.

Nimeosha tangi, nimefungua kabureta, nimeweka betri, plagi na hosi mpya. Fundi wa mtaani akabadilisha koili na kondensa, vile vifaa vya umeme wa plagi. Asubuhi linawaka kwa mkupuo mmoja. Naondoka Chumbageni nikiimba, dakika ishirini baadaye, nikikaribia njia panda ya Mapango ya Amboni, linakohoa mara mbili na kuzima. Nakaa nusu saa kivulini, linawaka kama halijafanya kitu. Tanga yetu ni ya waja leo waondoka leo, ila hili limekuja na haliondoki. Juzi mzee mwenye baiskeli na magunia mawili ya mkaa kanipita, akanipa pole bila kupunguza mwendo.

Fundi wa kwanza kasema pampu ya mafuta. Wa pili kasema petroli inageuka mvuke kwenye bomba, nikavisha pampu kitambaa kibichi kama mgonjwa wa homa. Wapi. Wa tatu anataka kushusha injini. Mimi sijui lolote, ila pointi za distributa, zile zinazokata na kuunga umeme wa koili, nimebadilisha mara mbili ndani ya mwezi, zinaungua nyeusi.

La pili: silinda za breki za nyuma zinavuja. Nimezunguka Ngamiani barabara kwa barabara, muuzaji mmoja ananiuliza, "Hiyo ya mkoloni?" Nikamwambia mwaka 1978 mkoloni alishaondoka miaka 17 nyuma. Hakucheka.

Nati13

Mkuu uza chuma chakavu, nunua Noah. Utanishukuru.

MzeeWaPongwe

Mwalimu, huyo usimsikilize, na huyo wa kushusha injini mkwepe hata msikitini.

Gari likizima, usikae kivulini. Ndizo dakika za kufanya kazi, maana likipoa ushahidi umekwenda. Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kinavuta hewa fyuu, tundu la kupumulia limeziba na pampu inavutana na tangi. Kama kimya, chomoa waya mnene wa katikati kwenye distributa, ushike kwa kitambaa kikavu, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini kama unene wa penseli, mtu apige stata. Fanya hivyo mbali na petroli, wanafunzi wanakuhitaji. Cheche ya bluu inayolia "ta!" maana yake moto upo, rudi kwenye mafuta. Ikiwa ya njano dhaifu, au hakuna, achana na pampu.

Halafu shika koili kwa mkono. Joto ni kawaida. Ikikuunguza mpaka unaruka, chomoa nyaya zake mbili ndogo, ikipoa uipime kwa mita upande wa omu. Leta namba hapa. Nina wasiwasi na hizo pointi zako kuliko kitu kingine chochote ulichoandika.

Mwalimu_Chumbageni

Shikamoo mzee. Limezima palepale. Kifuniko kimya. Cheche ya njano, inakuja na kupotea. Koili niliigusa nikatoa neno ambalo mwalimu hatakiwi kulitoa. Nimepima ilipopoa: 1.5.

MzeeWaPongwe

Marahaba. Umeshapona.

Koili ya gari lako inatakiwa iwe kama omu 3. Hiyo ya 1.5 ni ya magari yenye rezista njiani, inayopunguza umeme kabla haujafika kwenye koili. Lako halina. Wewe ni mwalimu, gawanya: volti 12 kwa 3 ni ampea 4. Volti 12 kwa 1.5 ni ampea 8. Koili inabeba mzigo mara mbili, inachemka, ikichemka inakata. Na hizo ampea 8 zote zinapita kwenye pointi. Ndiyo maana zinaungua. Fundi wako hakukosea kufunga, alikosea kununua. Kwa nje zinafanana kama mapacha.

Weka ya omu 3, na kondensa nyingine maana hiyo siiamini. Pointi mpya uziachie nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi), si kwa macho.

Spana_Arusha

Kaka mwalimu, pole. Mimi nina Land Rover 88, ile fupi, naifufua mwaka wa nne sasa, mume wangu anaiita mke mwenza.

Kuhusu breki: usiseme "Land Rover ya zamani" dukani, utauziwa chochote. Drami za 109 ni inchi 11, za 88 ni inchi 10, na silinda haziingiliani. Fungua ya zamani, ipige picha pamoja na rula, tuma. Siku ukitafuta vitu vya ndani ya injini taja namba ya injini, kwa sababu mwaka 1980 krenkshafti ilitoka beringi tatu ikawa tano. Lako likiwa na injini yake ya asili ni la beringi tatu. Huku Arusha vipuri vipo kwa sababu ya magari ya utalii, vinafika Tanga kwa basi. Na tafadhali fluidi ya breki iwe ya breki. Jirani yangu aliongezea oili ya kawaida, raba zote zikavimba, akaanza upya kuanzia masta, ile silinda kuu ya breki.

Halafu uko pwani. Bodi ya aluminiamu inakudanganya inang'aa, chesisi inaliwa na chumvi kutoka ndani. Lala chini, gonga kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boga.

Mwalimu_Chumbageni

Wadau, koili ya omu 3 imefika kwa basi. Jana nimekwenda Muheza na kurudi bila kuzima, nikapita kwa shangazi kumwonyesha, akalia kidogo. Pointi nimezifungua usiku, nyeupe.

Chesisi nimegonga. Inalia hadi karibu na springi ya nyuma kushoto, hapo inajibu boga. Natafuta mchomeleaji.

Silinda za breki nilikuwa nimeshaagiza kabla dada hajaandika. Zimefika leo. Za inchi 10.

Spana_Arusha

Usizirudishe. Nipe bei, nizichukue mimi.