Mrejesho: majarida ya maktaba ya chuo baada ya bajeti kubana

Wakuu, niliuliza tusitishe majarida yapi bei zikipanda na bajeti ikibaki palepale, na wahudumu wa sehemu ya majarida wafanye nini nakala za karatasi zikipungua. Asanteni sana.

Kilichotusaidia zaidi ni kugawanya gharama ya mwaka ya kila jarida kwa makala zilizopakuliwa, kwa kutumia ripoti za COUNTER (kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni) zinazotolewa na wachapishaji. Jarida moja ghali la uhandisi halikupakuliwa kabisa. Tukalisitisha baada ya kukaa na idara. La isimu ya Kiswahili lina wasomaji wachache, ila tumelibakiza, maana hatulipati kwingine. Namba peke yake zingelizika, na hilo nisingekubali.

Ya afya na kilimo tunayapata kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu: Hinari ya afya, iliyoanza 2002, na AGORA ya kilimo, 2003.

Mhudumu aliyekuwa akiandika matoleo kwenye kadi sasa anakagua viungo vya mtandaoni vilivyokufa na kuwafundisha wanafunzi wa uzamili kutafuta makala. Anaiweza kweli! Kudai matoleo yaliyochelewa kwa wakala anayetuletea majarida bado kunaendelea, na fedha za kujalidi matoleo ya zamani hazijatoka.