Nahodha wa Mbao Katika Mji wa Amu

Kikundi: Watu wa Mkomani (mtaa wa Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya)

ALHAMISI

Mama Mtoto (Bristol): Assalamu alaikum nyote. Natumai bahasha imewafikia. Ndani yake yumo mtu mdogo wa mbao, mwenye kofia ya manjano na urefu usiozidi kidole cha shahada, ambaye binti yangu amempa jina la Nahodha. Kila mwanafunzi wa darasa lake ametuma mwanasesere kwa jamaa walio mbali, na mwalimu anataka picha za mahali anapotembezwa, pamoja na maelezo ya alichokula na namna kilivyopikwa. Tafadhali msiandike kama watangazaji wa hoteli, kwa maana darasa limekwisha kuona picha za fukwe za kutosha.

Bibi Mkomani (anaandika mjukuu): Wa alaikum salaam, mwanangu. Amefika tangu asubuhi na ameketi juu ya kidaka cha ukutani, karibu na bakuli langu la kauri. Mwambie mjukuu wangu kwamba mgeni hatembezwi mji kabla hajala.

Mjomba Mwalimu: Napendekeza tuanze na Ngome, kisha Jumba la Makumbusho, halafu Nyumba ya Posta ya Wajerumani, ili mtoto apate mpangilio wa historia tangu mwanzo. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na itakuwa aibu Nahodha akirudi Uingereza akiwa na habari za sambusa pekee.

Halati Langoni: Kaka, mtoto ana umri wa miaka minane. Sambusa zina historia yake pia.

IJUMAA

Halati Langoni: Nahodha amefungua kinywa kwa mahamri na mbaazi za nazi. Nimemweka ukingoni mwa sahani ili watoto wa Bristol waone kwamba hamri moja lina upana wa kumlaza mtu huyu na mto wake. Waelezeni kwamba mbaazi huchemshwa mpaka zilainike, zikapikwa kwa tui jepesi, na tui zito likatiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, kwa sababu likichemka kwa nguvu hukatika. Picha ya pili inamwonyesha amepanda mbuzi ya kukunia nazi, akishika meno ya chuma. Hiyo haikuwa rai yangu, ni ya vijana.

Bibi Mkomani: Picha ya jikoni ionyeshe mikono tu. Jirani zangu wamekuja kusaidia kupika, na hakuna aliyeombwa ruhusa ya uso wake kwenda Ulaya.

Halati Langoni: Nimekwisha kuifuta ile ya kwanza, Mama.

Mjomba Mwalimu: Baada ya sala ya Ijumaa nilimchukua hadi Ngome. Ujenzi wake ulianza mnamo 1813, karibu na wakati wa Vita vya Shela, ambapo watu wa Amu walipigana na majeshi ya Pate na Mombasa, ukamalizika mwaka 1821, na kuanzia 1910 hadi 1984 jengo lilitumiwa kama gereza kabla ya kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Nilimsimamisha kwenye ukingo wa ukuta wa juu, nikiwa nimemfunga uzi shingoni, na kutoka pale alionekana akiutazama uwanja wote wa mbele, pamoja na wazee waliokuwa wakicheza bao. Mmoja wao alimwomba, akamtia ndani ya shimo la bao miongoni mwa kete, na mchezo ukaendelea. Nakiri kwamba picha hiyo ni bora kuliko zangu zote za ukuta.

Ami Shela: Je, alikunywa kahawa?

Mjomba Mwalimu: Ndiyo. Muuza kahawa alipita na dele lake la shaba lenye makaa chini, akammiminia kikombe cha kauri kisicho na mkono. Kahawa ilikuwa chungu, yenye tangawizi, na kando yake paliwekwa kipande cha halwa. Nahodha alimwachia mwenyeji wake vyote viwili, na mwenyeji hakulalamika.

JUMAMOSI

Mama Mtoto (Bristol): Darasa limecheka sana kwa picha ya bao. Binti yangu anauliza kwa nini katika picha zote hakuna gari hata moja, na kwa nini punda anaonekana nyuma ya kila mtu.

Halati Langoni: Mdogo wangu, wewe umezaliwa hapa na ungeweza kumjibu mwenyewe! Mwambie kwamba vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana na punda aliyebeba mawe ya matumbawe hulazimika kujibanza ukutani. Nyumba zilijengwa zikikaribiana hivyo ili kivuli cha moja kiifunike nyingine mchana. Mchanga, saruji, mitungi ya gesi na mizigo ya sokoni huingia kwa punda au kwa mkokoteni. Leo tulimpeleka Nahodha kwenye hospitali ya punda iliyo karibu na bahari, ambayo shirika la The Donkey Sanctuary liliianzisha mwaka 1987. Alikaa kati ya masikio ya punda mmoja mpole aliyekuwa akisubiri kuoshwa kidonda cha mgongo, na mhudumu akatueleza kwamba vidonda vingi vya namna hiyo husababishwa na matandiko mabaya na mzigo uliofungwa vibaya. Waandikie hilo pia. Si kila kitu kiwe cha kuchekesha.

Ami Shela: Nami nina taarifa. Mchana Nahodha alikuwa kwangu akila samaki wa kupaka. Tulimchoma samaki aitwaye changu juu ya makaa, tukawa tunampaka tui lililotiwa ukwaju, bizari na pilipili, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka lilipomshika. Nahodha alisimama karibu mno, akarukiwa na tui, na hivyo akanukia vizuri kuliko inavyomfaa mtu wa mbao. Tulipokuwa tukinawa mikono, paka alimbeba akapanda naye juu ya ukuta wa jirani. Mnawajua paka wa Amu: wembamba, warefu wa miguu, wasioomba ruhusa.

Mama Mtoto (Bristol): Shemeji, tafadhali sema kwamba yupo.

Ami Shela: Yupo. Paka alimtafuna, akagundua kwamba amedanganywa, akamwachia. Kofia ina alama mbili za meno. Tusizipake rangi, ni ushahidi wa safari.

JUMAPILI

Ami Shela: Leo tulimvusha hadi Takwa, kisiwani Manda. Tuliondoka maji yakijaa, kwa kuwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko haupitiki maji yakikupwa, na atakayechelewa kurudi atakaa kwenye tope akihesabu kaa. Baharia wetu alimfunga Nahodha kwenye mlingoti, chini kidogo ya foromali, yaani mti unaoshika tanga, na tanga lilipotwekwa akawa wa kwanza kupigwa na upepo. Ni nahodha asiyejua kuogelea, lakini hakufumba macho.

Mjomba Mwalimu: Ongeza maelezo ya magofu, ndugu yangu. Wasomaji wako ni wanafunzi.

Ami Shela: Nilikuwa naelekea huko. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi katika karne za 16 na 17, kisha ukahamwa. Kuta za mawe ya matumbawe zimebaki kati ya mibuyu, na msikiti wake wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo wageni wote huliuliza. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi lenye nguzo, na maandishi yake yana tarehe inayoangukia miaka ya 1680. Nahodha hakuwekwa juu ya kaburi wala ndani ya mihrabu. Alikaa kwenye jiwe la njiani, mbuyu ukiwa nyuma yake, nasi tukala mkate wa mofa tuliopewa na Mama.

Bibi Mkomani: Hapo sasa mmefika. Mjukuu wangu aelewe kwamba mkate wa mofa haukaangwi wala hauwekwi kwenye sinia. Asili yake ni unga wa mtama, ingawa siku hizi wengi huchanganya na ngano. Mofa ni tanuri la udongo. Moto huwashwa ndani mpaka ukuta wake ushike joto, kisha donge hubandikwa kwa mkono kwenye ukuta huo wa ndani. Anayeogopa joto mkono wake hurudi na donge.

JUMATATU

Mama Mtoto (Bristol): Mama, darasa limeomba kupika chakula kimoja cha huko Amu. Mofa hatuna, na samaki mwalimu amekataa kwa sababu ya harufu. Je, kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaangwa na kutiwa shira, zitawezekana?

Bibi Mkomani: Zitawezekana. Chukua unga wa ngano wa kutosha, hamira kidogo, tui na chumvi. Upige kwa mkono mpaka uvutike, uuache uumuke, halafu uuchote na kuuangushia mafutani kwa vidole.

Mama Mtoto (Bristol): Mwalimu atauliza "wa kutosha" ni kiasi gani.

Halati Langoni: Nimesimama karibu na Mama nikapima kabla hajatia. Unga vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, tui kikombe kimoja lenye uvuguvugu, chumvi kidogo. Kwa shira, kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha maji na hiliki iliyopondwa, ichemke mpaka ianze kunata.

Bibi Mkomani: Vikombe hivyo ni vya kabatini mwangu. Akaange moja kwanza, aone kama unga unahitaji kulainishwa au kukazwa, kabla ya kuukaanga wote. Mafuta ayashike mtu mzima, na huyo Nahodha akae mbali na karai.