Pasi mbili mbele yangu, nina pointi 8: nifunge mnada au niseme kitu?

Kopa Sita:
Wanabriji, habari zenu. Kuna karata zimeninyima raha tangu juzi.

Aliye kushotoni kwangu alifungua 1 kopa, yaani aliahidi mizunguko 7 kopa ikiwa turufu. Mwenzangu pasi, wa kulia pasi. Zamu ikanifikia, na nikisema pasi mnada umekwisha. Mkononi nilikuwa na hizi:

Shupaza: mfalme, jeki, 8, 4
Kopa: 6
Uru: ree, 10, 7, 3
Pau: 9, 8, 5, 2

Pointi 8 (ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1). Nilifundishwa kwamba dabo ya kumwomba mwenzako ataje rangi inataka pointi 12 hivi, basi nikasema pasi. Wakacheza 1 kopa, wakala mizunguko yao 7, alama 80 kwao. Karata zilipofunuliwa, mwenzangu alikuwa na pointi 12: shupaza nne zenye ree, kopa nne zenye mfalme, mfalme na 8 za uru, na pau tatu zenye malkia. Meza ya pili, karata hizo hizo zilichezwa 2 shupaza na zikatimia. 110 kwa waliokaa upande wetu.

Mwenzangu hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole: "Ulidhani pointi zote zilizobaki wanazo wao?" Sikuwa na jibu.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba wiki iliyotangulia nilithubutu. 1 uru, pasi, pasi, nami nikasema dabo na pointi 9. Mwenzangu, mwenye 12, akaruka hadi 2 bila turufu (mizunguko 8, hakuna rangi ya turufu), tukapungukiwa mzunguko mmoja. Sasa nikinyamaza nimekosa, nikisema nimekosa. Naombeni mwongozo.

Mkono wa Nne:
Ndugu Kopa Sita, swali la mwenzako ndilo somo lenyewe. Pakiti nzima ina pointi 40. Una 8. Wa kulia ameshindwa kumjibu mwenzake, kwa hiyo hana 6; tumpe 4. Aliyefungua tumpe 14. Zilizobaki ni 14, na hakuna mtu wa nne isipokuwa mwenzako. Alinyamaza si kwa sababu ni maskini. Ana kopa nne na uru mbili tu. Angesema dabo, nawe ukataja uru, hana pa kukushikia. Umbo la karata zake, yaani idadi ya kila rangi, ndilo lililomfunga mdomo, nawe mwenye kopa moja tu ndiye uliyepaswa kumfungulia.

Mimi nikiwa kiti hicho naazima mfalme mmoja kutoka kwa mwenzangu: naongeza pointi 3 kwenye hesabu yangu, kisha nasema kama kawaida. Pointi zako 8 ni 11, na kwa umbo la 4-1-4-4 hiyo ni dabo bila kusita. Rangi ya karata tano nzuri naitaja hata na pointi 8. 1 bila turufu, ambayo kiti cha pili, mara tu baada ya aliyefungua, inataka 15 hadi 18, hapa naisema na 11 hadi 14. Nikiruka daraja (nikataja 2 pale ambapo 1 ingetosha) sifanyi fujo ya kuwazibia njia, kwa sababu hakuna wa kuzibiwa. Naonyesha karata sita nzuri na pointi 13 hadi 16.

Sasa ile 2 bila turufu. Ulichoazima lazima mwenye nacho akikate. Mwenzako alikuwa na 12. Atoe 3, zibaki 9. Hiyo ni 1 bila turufu, basi. Zile 3 ulikuwa umeshazisema wewe kwa dabo yako, naye akazisema mara ya pili. Dabo yako ilikuwa sahihi kabisa. Msikilizane kwenye hili kabla ya kukaa mezani tena, maana mmoja akiazima na mwingine asikate, mtaanguka kila mara.

Turufu Ndogo:
Naunga mkono, ila dada/kaka usije ukauamsha kila mnada. Mimi naangalia vitu viwili kwanza. Rangi yao: nikiwa na nne au tano za rangi aliyofungua, nanyamaza, maana wako mahali pabaya na mimi ndiye ninayewaumiza. Halafu shupaza: wakifungua 1 pau nami nina shupaza moja, na mwenzangu hakuzitaja, basi huenda ziko kwao. Nikiufungua tena mnada nawapa nafasi ya kuziona. Niliwahi kufanya hivyo na pointi 10. Walikuwa wamelala kwenye 1 pau, nikawaamsha, wakaishia 4 shupaza na kutimiza.

Lakini wakitaja 1 kopa, 2 kopa, kisha wote kimya, hapo ni nadra kuwaachia. Wamekutana na rangi yao, kwa hiyo na nyinyi kwa kawaida mna yenu. 2 kopa ikitimia ni 110 kwao. Ukiwasukuma hadi 3, huenda wakaanguka; na ukipungukiwa mmoja kwenye 2 shupaza bila dabo ya adhabu wala kuwa kwenye hatari (hali ambayo adhabu ni kubwa zaidi), unatoa 50 tu.

Mkono wa Nne:
Nyongeza moja muhimu. Mwenzako akikaa akifikiri muda mrefu ndipo akasema pasi, kule kufikiri si habari yako. Sheria haikuruhusu kutumia kufikiri huko. Pointi za mwenzako zitafute kwenye ukimya wa wapinzani, si kwenye uso wake.

Kopa Sita:
Asanteni sana. Kwa kweli mwenzangu juzi alisema pasi mara moja, bila kuchelewa, kwa hiyo hesabu ningeweza kuifanya nikiwa na dhamiri safi, na sikuifanya.

Jana tumekaa naye tukaandika kwenye karatasi yetu ya makubaliano: kiti cha mwisho, dabo kuanzia 8 yenye umbo, 1 bila turufu 11 hadi 14, anayejibu akate 3. Alisoma ule mstari wa mwisho mara mbili, akasema, "Kumbe ile 2 bila turufu ilikuwa kosa langu." Bado hatujakubaliana kuhusu jambo moja: nikisema dabo kisha nikataja rangi yangu mwenyewe, yeye anataka iwe 15 na kuendelea, mimi naona 14 inatosha. Nyinyi mnachezaje?

Turufu Ndogo:
15. Mpe mwenzako hiyo.