Duka la vitabu vya watoto Tanga: fremu ya barabarani, chumba cha kituo, au baskeli ya mashuleni?

Mama_Chumbageni

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo ya watu waliowahi kuuza vitabu, au wanaovinunulia watoto mara kwa mara.

Nataka kufungua duka la vitabu vya watoto hapa Tanga mjini. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili hasa, vichache vya Kiingereza, umri wa chekechea hadi darasa la saba. Sitaki liwe duka la kuuza tu. Nataka mtoto asiye na hela akae asome, Jumamosi kuwe na mtu wa kuwasomea, na wale wa darasa la kwanza na la pili wanaohangaika na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wapate msaada bila wazazi kulipia tuisheni. Mtaji wangu ni milioni nne. Nina njia tatu mbele yangu:

A. Fremu karibu na soko la Mgandini, barabara inayopita watu. Kodi 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mbele.

B. Chumba ndani ya kituo cha jamii Makorora. Hawataki kodi, nichangie umeme na usafi tu. Lakini kituo hufungwa jioni, na chumba hutumika kwa vikao mara mojamoja.

C. Sina duka. Nanunua baskeli, namwambia fundi anitengenezee sanduku la mbao la kubeba nyuma, nazunguka mashuleni na kwenye shughuli za wazazi. Vitabu vinalala nyumbani.

Ninavutwa na A kwa sababu itaonekana. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Mzee_wa_Rafu

Dada, kabla ya kupenda fremu, iwekee hesabu. Kitabu cha hadithi cha mtoto wengi hawatalipa zaidi ya 5,000. Mchapishaji akikupa punguzo la asilimia 30, na hilo ni punguzo zuri, unabaki na 1,500 kwa kitabu. Kodi ya 200,000 peke yake inataka uuze vitabu 134 kila mwezi. Weka msaidizi wa 150,000, sasa ni zaidi ya 230, na bado hujala wala kulipa umeme, leseni ya halmashauri na kodi ya mapato ya TRA.

Januari utaviuza, sikatai, maana watu wako madukani kununua mahitaji ya shule. Lakini hata Januari mzazi anaanza na madaftari, kaunta buku, sare na viatu. Hadithi inakuja mwisho, ikibaki chenji. Kuanzia Machi hadi Mei utakaa dukani unapanga na kupangua.

Halafu 1,200,000 ya kodi ya mbele ni karibu theluthi ya mtaji wako, na imekwenda kabla hujanunua kitabu hata kimoja. Kwa pesa hiyo hiyo ungekuwa na vitabu zaidi ya 300.

Kijana_wa_Mgandini

Napingana kidogo na mzee. Hesabu ni sahihi, ila imesahau kwamba duka la watoto linahitaji mahali panapojulikana. Mtu akiwa na zawadi ya kununua anataka kujua aende wapi, na kwa nani. Kuzunguka na baskeli leo uko Ngamiani, kesho Raskazone, mteja aliyekupenda atakupata wapi?

Kama bajeti hairuhusu fremu nzima, tafuta ya kushirikiana. Kuna mafundi cherehani na watu wa steshenari wenye fremu kubwa wanaotafuta wa kugawana kodi. Ukikaa ubavuni mwa steshenari, wateja ni walewale. Mzazi anasubiri fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, mtoto anafunua kitabu. Mauzo mengi ya vitabu vya watoto yanatokea hivyo, kwa sababu mtoto amekishika na hataki kukiachia.

Mwl_Mstaafu_Muheza

Salaam. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, niongee kuhusu C.

Shule za serikali usizitegemee kama wateja wa moja kwa moja. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu mkuu anaogopa chochote kinachofanana na mchango kwa mzazi. Ukifika na sanduku lako asubuhi ukataka watoto waambiwe waje na hela kesho, atakukatalia, na ana haki. Na kitabu kikitakiwa kutumika darasani ataangalia kama kina ithibati. Kitabu cha kiada, cha kufundishia darasani, kinatoka Taasisi ya Elimu, hapo huna nafasi kabisa.

Nafasi yako iko kwenye siku ambazo wazazi wenyewe wapo. Vikao vya wazazi, siku ya michezo, na kubwa kuliko zote ni mahafali ya chekechea mwishoni mwa mwaka. Mmeona jinsi wazazi wanavyowavalisha watoto mashada ya pipi na noti. Panga meza karibu na geti, funga vitabu viwili viwili kwa utepe, andika "zawadi ya mhitimu". Mjomba aliyekuja mikono mitupu atanunua bila kuuliza bei mara mbili. Shule binafsi zitakuruhusu kwa urahisi ukiongea na mkurugenzi mapema, na wengine wataomba asilimia kidogo kwa ajili ya maktaba yao. Wape, tena kwa vitabu badala ya pesa.

Baskeli kwa Tanga ni wazo zuri. Mji ni tambarare na watu wetu wamezoea kuendesha. Ila sanduku lifunikwe turubai ya kweli. Mvua ya hapa haibishi hodi.

Mtoto_wa_Ngambo

Assalaam alaykum. Nipo Unguja, tunaendesha baraza la kusoma kwenye chumba tulichopewa, kwa hiyo B naijua kwa ndani.

Dada yangu, uliza kwanza nani anashika ufunguo. Kodi si kitu ukilinganisha na ufunguo. Mkiambiwa chumba ni chenu halafu ufunguo uko kwa mtu ambaye Jumamosi ana harusi, watoto watakaa nje wakisubiri, na wakirudi nyumbani mara mbili hawaji tena.

La pili ni saa. Watoto wetu wa pwani wana ratiba iliyojaa kuliko ya mtu mzima. Asubuhi skuli, mchana chuoni (madrasa), jioni wanatumwa dukani. Ukipanga kusoma saa tisa alasiri siku ya kazi utabaki na wachache. Sisi tumeona Jumamosi asubuhi ndiyo inashika, na Alhamisi jioni kwa mahali ambapo madrasa hupumzika. Kaa na ustadhi wa mtaa kabla ya kubandika tangazo. Akikuelewa, yeye ndiye atakayewatangazia.

Na kuhusu kusoma wenyewe: usiwapange kama darasa. Tandika mkeka, vitabu viwe chini, mlango uwe wazi ili mama anayepita aone ndani. Tuna msichana wa darasa la pili anayekuja na mdogo wake. Anamsomea kwa kidole, sauti ndogo, na akifika pagumu anasimama, anaangalia mlangoni kama mama yupo, kisha anarudia sentensi tangu mwanzo. Hakuna aliyemfundisha kurudia vile. Mama yake alikuwa akisimama nje tu. Siku hizi anaingia, anakaa, na ndiye aliyenunua kitabu chetu cha kwanza cha mwezi uliopita.

Kisauni_Msomaji

Natoka Mombasa. Niongezee jambo moja kwa ndugu wa Tanga: msijenge duka juu ya vitabu vya shule. Huku Kenya serikali ilianza 2018 kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka mashuleni. Maduka mengi ya vitabu yalikuwa yanaishi kwa biashara hiyo, na msimu mmoja tu ulitosha kuyayumbisha. Tena tangu sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013 vitabu viliwekewa asilimia 16, basi bei ikapanda kwa mzazi yuleyule.

Waliobaki wamesimama ni wale ambao watoto walikuwa na sababu nyingine ya kuja. Nairobi kuna Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange. Wao ni maktaba, si duka, lakini tazama mpangilio wao: hawakumaliza kwanza maktaba kubwa ya McMillan iliyo katikati ya jiji. Walianza na maktaba za mitaani, Kaloleni na Makadara, pale watoto wanapoishi. Kwa hiyo mimi kura yangu ni B. Makorora ndiko watoto waliko, Mgandini ndiko wazazi wanakopita wakiwa na haraka.

Mama_Chumbageni

Asanteni sana. Hesabu ya Mzee_wa_Rafu imenifungua, na hili la ufunguo sikuwa nimelifikiria. Maswali mawili. Vitabu vikisomwa bure na watoto thelathini, nani atanunua kilichochafuka? Na kuna mtu amenipa ahadi ya maboksi ya vitabu vya msaada kutoka nje. Nivichukue?

Bibi_Hadithi_Moro

Mwanangu, nijibu yote mawili maana ndiyo kazi yangu hapa Morogoro.

Tenga vitabu vya kusoma na vitabu vya kuuza tangu siku ya kwanza, na rangi ionekane. Mimi nabandika utepe mwekundu kwenye mgongo wa kila kitabu cha kusoma. Kila kichwa nanunua nakala moja ya ziada kwa ajili ya mkeka, naihesabu kama gharama, sitarajii irudi. Naivalisha jalada la nailoni, na pale katikati kwenye pini naimarisha kwa uzi na sindano, maana vitabu vya kurasa 16 au 24 huwa na pini mbili tu. Ninyi wa pwani pini zinashika kutu na karatasi zinajikunja kwa unyevu, kwa hiyo rafu isigusane na ukuta. Mtoto akikipenda kitabu chenye utepe, mzazi anapewa kipya. Hapo ndipo mauzo yanapotoka, si hasara.

Rafu zenyewe usitengeneze za kusimamisha vitabu. Kitabu chembamba kikisimama hakionekani, hakina hata mgongo wa kusomeka. Mwambie fundi apige vipande vyembamba vya mbao ukutani kama kingo, jalada litazame mbele, na cha chini kabisa kifikiwe na mtoto wa miaka minne. Utaweka vichwa vichache lakini kila kimoja kitaita.

Vitabu vya msaada: fungua kila boksi kabla ya kukubali. Mara nyingi ni Kiingereza cha watu wa mbali, theluji na magari ya kuzoa theluji, na vingine ni vya kompyuta za zamani. Vilivyo vizuri viweke kwenye mkeka. Usiviuze. Aliyevitoa hakuvitoa viuzwe, na ukianza kuuza kitabu cha 500, cha 5,000 cha mwandishi wetu hakitanunuliwa tena.

Kwa kuongeza vya Kiswahili kwenye mkeka bila gharama kubwa, ingia tovuti ya African Storybook. Ni hadithi za leseni huria, zipo kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo. Soma leseni ya kila hadithi. Yenye CC BY unaweza kuichapa na kuibana mwenyewe, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Usitoe fotokopi ya kitabu cha mchapishaji wa hapa hata kama mtoto analia. Unamnyima riziki mtu unayetaka aendelee kuandika.

Mzee_wa_Rafu

Bibi kasema kweli tupu. Niongeze kuhusu kununua. Dada, panda basi uende Dar mwenyewe mara ya kwanza. Pita TPH Bookshop pale Samora, nenda Soma Book Café Mikocheni uone duka, chai na mazungumzo ya vitabu vikikaa pamoja. Waulize wachapishaji Mkuki na Nyota na E&D Vision kuhusu vitabu vyao vya watoto, na ulizia vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Ukishaonana nao uso kwa uso, omba mali kauli: unachukua, unauza, unalipa mwisho wa mwezi, visivyouzika vinarudi. Si wote watakubali mara ya kwanza. Nunua taslimu mzigo wa kwanza, lipa wa pili siku uliyosema, wa tatu utapewa. Baada ya hapo mzigo unakuja kwa basi, na nauli ya kifurushi iweke kwenye bei yako tangu mwanzo.

Kijana_wa_Mgandini

Nimesoma yote. Bado naamini duka litahitaji uso wa barabarani siku moja, lakini sasa nakubali isiwe kwa kodi ya miezi sita. B na C pamoja zinawezekana? Chumba kiwe kituo cha baskeli.

Mama_Chumbageni

Ndiko ninakoelekea. Chumba cha Makorora kiwe makazi ya vitabu na Jumamosi ya kusoma, baskeli iende kwenye vikao vya wazazi na mahafali. Fremu naiacha kwanza. Kesho naonana na viongozi wa kituo. Niombe nini kiandikwe?

Mtoto_wa_Ngambo

Omba haya yaandikwe, na yasainiwe na watu wawili wa kituo, asiwe mmoja: nakala yako ya ufunguo; Jumamosi asubuhi isiguswe na kikao chochote; kabati lenye kufuli ambalo ni lako hata kama chumba si chako; taarifa ya miezi mitatu wakitaka chumba chao. Na iandikwe wazi kwamba unauza vitabu mle ndani, ili uongozi ukibadilika asije mtu akasema hakujua. Mchango wa umeme utaje kiasi, mwezi kwa mwezi, upewe risiti.

Mwl_Mstaafu_Muheza

Na umwombe mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Mkishamaliza niandikie faragha, nina orodha ya walimu wastaafu hapo mjini wanaoweza kukusomea Jumamosi bila malipo. Wengine wana sauti nzuri kuliko ya redio na hawana wa kumsomea.